Kusahihisha na Kudurusu: Uhakiki wa Mgawanyo wa Kazi kati ya Mashine na Mwalimu katika Uandishi wa Wanafunzi wa Lugha

1.0 Utangulizi

Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili wana maneno mawili ambayo aghalabu huyatofautisha. Toleo lililosahihishwa ni lile lililoondolewa makosa ya chapa na ya tahajia. Toleo lililodurusiwa ni lile ambalo mwandishi amelirudia mwenyewe: ameongeza sura, amefuta nyingine, na pengine amebadili msimamo aliokuwa nao mara ya kwanza. Kitenzi kusahihisha kimejengwa juu ya neno sahihi, yaani kuna umbo moja lililo sawa, na kazi iliyopo ni kulifikia. Kudurusu kuna asili moja na darasa na madrasa. Ni kulisoma jambo upya kwa nia ya kulielewa, hata kama jambo lenyewe mtu ameliandika kwa mkono wake.

Tofauti hiyo imefifia katika maandishi ya kitaaluma kuhusu mrejesho wa kiotomatiki, yaani maoni ambayo programu ya kompyuta humpa mwanafunzi papo hapo juu ya insha yake bila mwalimu kuisoma. Maandishi hayo, ambayo mengi yanahusu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, yamefikia mwafaka unaorudiwa mara kwa mara: mashine ishughulikie sarufi, tahajia na alama za uandishi, ili mwalimu abaki na muda wa kushughulikia hoja, mpangilio na mtindo. Mwafaka huo unavutia. Unampa kila mmoja kazi yake, unapunguza mzigo wa mwalimu, na hauonekani kumdhuru yeyote.

Makala hii inauhakiki mwafaka huo na kuonyesha kwamba umejengwa juu ya dhana mbili zinazochukuliwa tu kuwa kweli: kwamba sarufi na hoja zinatenganika, na kwamba mwanafunzi aliyepewa aina mbili za mrejesho atazipa zote uzito unaozistahili. Dhana ya kwanza ina nafuu fulani katika Kiingereza. Katika Kiswahili, lugha ya ngeli na upatanisho, nafuu hiyo ni ndogo mno. Suala hili si la nadharia tupu. Mwanafunzi anayeandika insha au tasnifu kwa Kiswahili leo huandika kwenye kompyuta ile ile, na mara nyingi ndani ya programu zile zile, zilizosanifiwa kwa kuzingatia lugha nyingine. Na kila idara inayomruhusu au kumhimiza azitumie imekwisha kuamua, hata bila kikao, nini kitahesabiwa kuwa ni kuiboresha kazi.

2.0 Mtoa alama aliyegeuzwa mwalimu

Mwaka 1966 Ellis Page, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alichapisha makala akidai kwamba wakati wa kompyuta kusahihisha insha umekaribia. Mradi wake, Project Essay Grade, ulisukumwa na nia njema: kumpunguzia mwalimu wa Kiingereza rundo la insha. Page hakuficha jinsi mbinu yake ilivyofanya kazi. Alitofautisha sifa za ndani za uandishi, ambazo kompyuta haikuweza kuziona, na vikadirio vya nje vinavyoelekea kuandamana nazo, kama vile urefu wa insha, urefu wa maneno na idadi ya mikato. Kompyuta ilihesabu vikadirio, kisha ikabashiri alama ambayo wasahihishaji wa kibinadamu wangeitoa.

Kwa mtoa alama, mbinu hiyo ina mantiki yake. Umri wa mti waweza kukadiriwa kwa unene wa shina. Tatizo huanza pale kikadirio kinapogeuzwa kuwa ushauri, kwa sababu kulinenepesha shina hakuuongezei mti umri. Hicho ndicho kilichotokea katika miongo iliyofuata. Mwaka 1999 programu ya e-rater ya shirika la ETS ilianza kutumika katika kutoa alama za insha za mtihani wa GMAT. Injini hiyo hiyo ikawekwa ndani ya Criterion, huduma ya kufundishia uandishi. Kampuni ya Vantage Learning nayo ikaitumia injini yake ya IntelliMetric katika programu ya MY Access!. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kukadiria kikaanza kuelekeza.

Udhaifu wa asili hiyo ulianikwa mwaka 2014 na Les Perelman, aliyekuwa amefundisha uandishi MIT. Pamoja na wanafunzi wachache alitengeneza programu iitwayo BABEL, ambayo kwa kupewa maneno hadi matatu huzalisha insha nzima isiyo na maana yoyote lakini yenye sentensi ndefu na msamiati mzito. Insha hizo zilipata alama za juu kutoka kwa mashine. Watetezi wa mashine walikuwa na jibu: hakuna mwanafunzi wa kawaida anayeandika upuuzi wa aina hiyo kwa makusudi. Jibu hilo lina ukweli, lakini linakwepa jambo la msingi. BABEL haikuonyesha kwamba wanafunzi ni wadanganyifu. Ilionyesha kwamba maana haimo miongoni mwa vitu ambavyo mashine ilikuwa ikivisoma, na mwanafunzi mwaminifu anayefuata maoni ya mashine hiyo hatua kwa hatua anaongozwa na msomaji wa namna hiyo.

3.0 Kinachohesabiwa kinapoitwa kudurusu

Kabla ya programu hizo kuenea, wataalamu wa uandishi walikuwa tayari wamelichunguza suala la kudurusu kwa kina. Nancy Sommers (1980) aliwalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza wa chuo na waandishi wazima 20 wenye uzoefu. Kila mmoja aliandika insha tatu na kuzirudia. Wanafunzi waliona kazi ya kurudia rasimu kama kutafuta neno bora zaidi na kuondoa marudio. Waliamini kwamba wanachotaka kusema kimekwisha kupatikana, kilichobaki ni kukivalisha nguo safi. Waandishi wazoefu walirudia rasimu wakitafuta umbo la hoja yenyewe, na walimfikiria msomaji ambaye angewapinga. Mwaka uliofuata Lester Faigley na Stephen Witte (1981) waliweka mfumo wa kuainisha mabadiliko: upande mmoja mabadiliko ya juujuu yasiyogusa maana, upande wa pili mabadiliko yanayoongeza au kuondoa maana katika matini. Mfumo huo, pamoja na matawi yake, umekuwa kipimo cha tafiti nyingi zilizofuata, na makala hii itaurudia hapa chini.

Ukiwekwa mbele ya kipimo cha Sommers, ushahidi kuhusu mrejesho wa kiotomatiki unakuwa wa kiasi. Yigal Attali (2004) alipitia zaidi ya insha 33,000 zilizowasilishwa na wanafunzi wa shule kupitia Criterion. Zaidi ya theluthi mbili ziliwasilishwa mara moja tu. Yaani mwanafunzi alipata maoni, akaondoka. Katika insha zilizorudiwa, makosa yalipungua na alama zikapanda. Mark Warschauer na Douglas Grimes (2008), waliotazama shule za California, walikuta walimu na wanafunzi wakizipenda programu hizo, lakini marekebisho yaliyofanywa yaliishia kwa kiasi kikubwa kwenye tahajia, alama na maneno. Nao Marie Stevenson na Aek Phakiti (2014), walipozikusanya tafiti zilizokuwapo, walipata ushahidi wa wastani tu kwamba mrejesho wa mashine huboresha insha ile ile iliyopewa mrejesho. Kuhusu swali kubwa zaidi, kama mwanafunzi anakuwa mwandishi bora pale mashine isipokuwapo, ushahidi haukutosha kutoa jibu.

Yafaa kuangalia namna hitimisho la aina ya Attali linavyopatikana. Mashine huonyesha makosa ya aina fulani. Mwanafunzi huyaondoa. Mashine ile ile huhesabu upya na kutangaza kwamba makosa yamepungua. Hakuna udanganyifu hapo, wala hesabu hazina kasoro. Ila duara limefungwa. Mpimaji ndiye aliyefundisha, na alichofundisha ndicho alichopima. Mwanafunzi aliyetumia saa nzima kuivunja aya yake ya tatu kwa sababu amegundua kwamba inapingana na ya kwanza anaweza kutoka na makosa mengi kuliko aliyoingia nayo, kwani sentensi mpya huja na makosa mapya. Katika duara hilo, huyo amerudi nyuma.

Kuna pia mjadala wa zamani zaidi unaopaswa kukumbukwa hapa. John Truscott (1996) alidai kwamba kusahihisha sarufi katika madarasa ya uandishi wa lugha ya pili hakuna faida na kunaweza kudhuru, kwa sababu kunamfanya mwanafunzi akwepe miundo migumu na kuandika kwa urahisi usio na hatari. Dana Ferris (1999) alimjibu kwamba hukumu hiyo imetolewa mapema mno, na kwamba usahihishaji ulio wazi na wenye kuchagua unaweza kusaidia. Mjadala huo ulihusu mkono wa mwalimu. Mashine ilipokuja, wengi waliuhamishia kwake bila kuuliza kilichobadilika. Kilichobadilika ni hiki: mwalimu husahihisha mara moja, baada ya wiki mbili au tatu, na mwanafunzi anaweza hata kukunja karatasi na kuiweka mfukoni. Mashine husahihisha wakati sentensi bado inaandikwa. Hoja ya Truscott kuhusu kukwepa, ambayo kwa mwalimu ilikuwa na nguvu ya wastani tu, kwa mashine inapata nguvu mpya, kwani mstari mwekundu hutokea kabla wazo halijafika kwenye nukta.

4.0 Upatanisho hauko juujuu

Mwafaka wa kugawana kazi unahitaji mpaka. Sarufi iwe upande huu, hoja upande ule. Faigley na Witte waliuchora mpaka huo kwa kutumia matini za Kiingereza, na kwa Kiingereza unashika kwa kiasi chake. Tuseme mwanafunzi wa Kiswahili ameandika:

Uamuzi mpya uliotolewa mwaka jana umewakwaza walimu wengi.

Anapoisoma tena sentensi hiyo, anaona kwamba neno uamuzi linawapa watoaji wake heshima wasiyoistahili katika hoja yake. Uamuzi waweza kufikiwa kwa mashauriano. Anachodai yeye ni kwamba jambo lilishushwa kutoka juu. Anaandika:

Maagizo mapya yaliyotolewa mwaka jana yamewakwaza walimu wengi.

Mwandishi amefanya uamuzi mmoja, na ni wa hoja: amehamisha lawama. Lakini maneno yaliyobadilika ni manne. Nomino imebadilika, na ngeli yake mpya imevuta kivumishi, kitenzi cha urejeshi na kitenzi kikuu. Kwa Kiingereza badiliko kama hilo lingegusa nomino na kitenzi kisaidizi tu. Mchambuzi anayetumia mfumo wa Faigley na Witte bila kuurekebisha atahesabu badiliko moja la maana na matatu ya juujuu, kisha ataandika kwamba robo tatu ya marekebisho ya mwanafunzi huyu ni ya kisarufi. Atakuwa amehesabu sawasawa na kukosea kabisa. Matatu hayo ni kivuli cha lile moja.

Kosa la uchambuzi laweza kurekebishwa na mchambuzi mwingine. Linalotokea kwa mwanafunzi ni zito zaidi. Anapobadili nomino, kuna uwezekano mkubwa kwamba atasahau kiungo kimoja katika mnyororo na kuacha *maagizo mapya uliotolewa. Programu inayotambua upatanisho itapiga mstari hapo, nayo itakuwa imesema kweli. Sasa mwanafunzi ana njia mbili za kuufuta mstari huo. Anaweza kuufuata mnyororo hadi mwisho, au anaweza kurudisha neno uamuzi, na ukurasa mzima ukawa safi kwa mara moja. Mashine haijali ni njia ipi. Kwa mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, ambaye ngeli ndizo zinazomtoa jasho, njia ya pili ni fupi na salama. Rasimu ya mwisho itaonekana haina kosa, takwimu zitaonyesha maendeleo, na wazo bora kuliko yote aliyokuwa nayo siku hiyo litakuwa limefutwa na mrejesho uliotolewa kwa usahihi kamili. Mwalimu atakayeipokea rasimu hiyo ili ashughulikie hoja hataiona hoja iliyokufa njiani. Huo ndio udhaifu mkuu wa mgawanyo wa kazi: unamfikishia mwalimu matini iliyokwisha kuchujwa.

Upande wa pili wa sarufi una hali hiyo hiyo kwa namna nyingine. Sheria ya shuleni inasema nomino za viumbe hai hupatanishwa kwa ngeli ya A-WA hata zikianza na ki-, na ndiyo maana husemwa kijana huyu na kiongozi yule. Lakini msimulizi anayeandika kizee kile kilisimama mlangoni kikaanza kutoa amri hakusahau sheria. Amemdunisha mhusika kwa makusudi, na dharau yote imebebwa na viambishi. Programu inayopendekeza yule alisimama akaanza haijasahihisha chochote. Imeubadili mtazamo wa msimulizi kwa mhusika wake. Mwanafunzi wa fasihi anayejiamini atapuuza pendekezo hilo. Asiyejiamini atalikubali, kwa sababu pendekezo la mashine huja bila uso wala sauti, na kwa hiyo huonekana kama sauti ya lugha yenyewe.

Kinyume chake, mashine huyapitisha yale ambayo msomaji yeyote angesimama nayo. Mwalimu mkuu alimwambia mwalimu wa zamu kwamba angehamishwa: nani angehamishwa? Kiambishi a- kinawatosha wote wawili. Sentensi haina kosa la upatanisho, tahajia wala nafasi ya nukta. Inahitaji mtu aulize swali moja la neno moja ili mwandishi agundue kwamba tukio analolisimulia halimo ukurasani. Swali hilo ndilo mrejesho. Kwa mwalimu, kulitenganisha na sarufi ni jambo lisilowezekana, kwa kuwa jibu lake litakuwa la kisarufi pia: kurudia nomino, kugeuza kauli, au kuleta maneno ya msemaji kama yalivyotamkwa.

Ipo pia shida ya zana zilizo duni, ingawa hiyo ni ya kupita. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno hakiwezi kuimudu lugha ambamo mzizi mmoja wa kitenzi, ukiunganishwa na viambishi vya nafsi, ngeli, njeo, urejeshi na minyambuliko, hutoa maelfu ya maumbo. Wasingalituandikishia ni neno halali ambalo haliwezi kutarajiwa kuwamo katika orodha yoyote. Njia ya kuliepuka tatizo hilo inajulikana tangu Kimmo Koskenniemi alipoweka mfumo wake wa mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameutumia kwa Kiswahili katika kujenga SALAMA, mfumo unaochambua neno hadi viambishi vyake. Kwa hiyo kikwazo cha zana hakikuwa cha kisayansi. Lakini hata zana bora kabisa ya mofolojia ingeliacha suala la uamuzi na maagizo pale pale lilipo. Pengine ingelizidisha, kwa kuwa ingelipata kila kiungo kilichosahaulika.

Ushauri wa kimtindo uliohamishwa kutoka Kiingereza nao una mitego yake. Alifika, akakaa, akaagiza chai ni usimulizi mwororo wa Kiswahili. Kiambishi -ka- ndicho kiunganishi. Kwa macho ya kanuni za Kiingereza, hizo ni sentensi tatu zilizogandishwa kwa mikato, na pendekezo lingekuwa kuweka nukta au kuongeza kiunganishi na. Anayelifuata pendekezo hilo katika hadithi nzima atapata hadithi inayotembea kwa magongo.

5.0 Nani husikilizwa kwanza

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuunga mkono mgawanyo wa kazi ni ule wa Chi-Fen Emily Chen na Wei-Yuan Eugene Cheng (2008) kuhusu madarasa matatu ya uandishi wa Kiingereza nchini Taiwan yaliyotumia MY Access!. Wanafunzi waliiona programu kuwa na manufaa zaidi katika darasa ambalo ilitumiwa kwenye hatua za mwanzo za kuandika na kurekebisha, kisha mwalimu na wanafunzi wenzao wakatoa maoni yao. Utafiti huo ni wa makini, na waandishi wake hawakudai zaidi ya walichokiona. Wanaoutaja ndio wanaodai zaidi. Kwanza, kilichopimwa humo ni namna wanafunzi wenyewe walivyoyaona manufaa. Kuridhika na mrejesho si sawa na kuwa na matini iliyofikiriwa upya. Pili, matokeo hayo yaweza kusomwa kinyume na yanavyosomwa. Darasa lililoridhika zaidi lilikuwa lile lililopata wasomaji wa kibinadamu wengi zaidi. Pengine sifa iliyopewa mashine iliwastahili wao.

Jim Ranalli (2018) ametoa ushahidi unaogusa suala la uzito. Aliwachunguza wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya pili katika chuo kikuu cha Marekani na kukuta kwamba walifanikiwa zaidi kurekebisha kosa pale maoni ya Criterion yalipokuwa mahususi, yaani yalipotaja kosa na kuelekeza dawa, kuliko yalipokuwa ya jumla. Wasomaji wengi wamelichukua hilo kama wito wa kuzifanya mashine ziwe mahususi zaidi. Wito huo una upande wa pili usiotajwa. Kadiri maoni yanavyokuwa mahususi ndivyo yanavyotekelezeka bila kufikiri, na maoni ya mwalimu kuhusu hoja kwa asili yake hayawezi kuwa mahususi kwa namna hiyo. Mwalimu anayeandika pembeni “Je, hili linaafikiana na ulichosema ukurasa wa pili?” hatoi dawa. Anatoa kazi. Mwanafunzi mwenye usiku mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, akiwa na mapendekezo arobaini yanayotekelezeka kwa kubofya na swali moja lisilobofyeka, atayamaliza arobaini na kulala akiwa na dhamiri safi. Haimaanishi kwamba ni mvivu. Amefuata uzito kama alivyopewa.

Utetezi wenye nguvu kuliko yote wa mrejesho wa kiotomatiki unabaki pale pale alipouweka Page: mwalimu mmoja hawezi kusoma rasimu tatu za kila mwanafunzi katika darasa kubwa, na mrejesho unaofika baada ya muhula kuisha haumsaidii yeyote. Hakiki inayoupuuza utetezi huo haiwatendei haki walimu. Hata hivyo unathibitisha tu kwamba mwalimu anahitaji msaada. Hauthibitishi kwamba msaada huo uje mwanzoni mwa uandishi. Kama mashine ina mahali katika kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, mahali hapo ni mwisho kabisa, baada ya mtu, awe mwalimu au mwanafunzi mwenzake, kuisoma rasimu yenye makosa yake yote na kuuliza maswali yake. Rasimu chafu inayosomwa mapema ina faida kuliko rasimu safi inayosomwa baadaye. Kwa walimu waliozoea kurudisha kazi kwa maneno “sahihisha kwanza ndipo ulete”, huu ni mgeuko mkubwa, na si wote watakaoupokea.

6.0 Mashine inayoandika upya

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, swali limepanuka. Programu za awali zilionyesha kosa na kumwachia mwanafunzi kalamu. Zana za akili unde hupokea aya na kurudisha aya nyingine. Kwa mtazamo wa kwanza zinaelekea kuukamilisha ule upungufu uliojadiliwa hapo juu, kwani zinaweza kubadili mpangilio na hata kuongeza hoja. Lakini aliyedurusu ni nani? Mwanafunzi amepokea toleo lililodurusiwa la kazi ambayo hakuidurusu.

Kwa Kiswahili kuna jambo la ziada. Zana hizo zimefundishwa kwa matini nyingi za Kiingereza na chache za Kiswahili, na Kiswahili chake mara nyingi kina upatanisho safi juu ya mifupa ya Kiingereza. Ndiyo maana si ajabu kukuta katika kazi za wanafunzi elimu inayocheza jukumu muhimu, au aya zinazofunguka kwa ni muhimu kutambua kwamba moja baada ya nyingine. Hapa mgawanyo wa kazi umepinduka: sarufi ya juu ni timamu, kilichoharibika ni Kiswahili chenyewe, na hakuna mstari mwekundu wa kukionyesha. Mwalimu aliyezoea kutafuta makosa ya ngeli atapita juu ya kazi hiyo akistaajabia usafi wake. Anayeshughulika na maana ataona kwamba nomino katika kazi hiyo hazina ugomvi wowote. Hakuna mahali ambapo uamuzi ulikaribia kuwa maagizo.

Yanayofuata kwa utafiti ni ya kiutendaji. Anayetaka kupima kudurusu katika matini za Kiswahili hana budi kuhesabu maamuzi, si maneno: badiliko la nomino pamoja na viambishi vyote lililovivuta lihesabiwe kuwa moja, na liainishwe kwa nomino. Marejeo nayo yahesabiwe, yaani pale mwanafunzi alipojaribu umbo jipya kisha akarudi kwenye la zamani baada ya kuoneshwa kosa, kwa sababu hapo ndipo ukwepaji aliousema Truscott unaweza kuonekana. Hayo hayaonekani katika rasimu ya mwisho, wala kwa kulinganisha ya kwanza na ya mwisho. Yanahitaji rasimu zote za katikati zihifadhiwe pamoja na mpangilio wa saa zake, jambo ambalo programu nyingi za uandishi tayari hulifanya kimyakimya kwenye historia ya faili, na ambalo wanafunzi wengi hawajawahi kuombwa kuliwasilisha pamoja na insha.